Maji ya Matumbawe na Mkwe wa Bungoma

Jumatatu, 10 Machi 2025

Daktari amesema moyo umechoka. Nikamwuliza umechoka kiasi gani. Akasema kiasi cha mtu aliyefundisha Jiografia sekondari mpaka akastaafu. Ana utani, huyo.

Mchungaji naye amenishauri niungame mapema, nisingoje kulazwa tena. Makosa ya zamani nimekwisha kuyatubu. Yamebaki haya ninayoyatenda sasa, nayo siwezi kuyataja kwa mdomo maana bado sijayamaliza. Nitayaandika. Chepkorir binti yangu, ukisoma haya nitakuwa nimekwenda. Usimwonyeshe baba mkwe wako.

Jambo lenyewe ni tangi. Kioo kirefu kama meza, sebuleni hapa Kitale. Ndani mna maji ya chumvi, matumbawe, na samaki wawili wa rangi ya chungwa. Chepkorir aliniletea nilipotoka hospitali. Maisha yangu yote ya kazi nilichora matumbawe ubaoni kwa chaki, na baharini sijawahi kufika. Sasa kila asubuhi nakunywa chai nikiyatazama. Nikifa, walichukue. Kabla ya hapo, hapana.

Lakini matumbawe yanaugua. Yamejikunja, na mwani wa kahawia umeota juu yake kama nywele. Kosa ni la maji ya kisima chetu, ninayoongeza tangini kila yanapopungua. Yana chuma, na mengine nisiyoyajua. Tena juzi nilianguka nikibeba ndoo. Sikuanguka. Niliketi kwa haraka. Agneta, anayenipikia na kunitunza, akampigia Chepkorir simu kabla sijainuka.

Leo Chepkorir amepiga. Anakuja Jumamosi pamoja na baba mkwe wake, Mzee Wekoye wa Bungoma. Wakikuta bado nabeba ndoo na maji bado ni yale yale, tangi linahamia Bungoma. Kwa Wekoye! Mtu aliyestaafu kutoka idara ya maji, na anayezungumza kana kwamba mvua huja kumwomba ruhusa. Nikasema sawa, mama. Sikumaanisha.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda mjini na Agneta, dukani kwa Kevin, anayeuza vifaa vya maji. Nikampa chupa ya maji ya kisima. Akachovya kipimo kidogo kama kalamu, kinachoonyesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka majini. Akapiga mluzi. Ati haya si maji, mzee, hii ni supu. Kwa matumbawe, kipimo kinatakiwa kisome sufuri.

Akaweka mitambo miwili mezani. Wa kwanza ni chujio la mkaa: silinda moja, unaifunga kwenye bomba, basi. Huondoa harufu, rangi na dawa ya maji ya mferejini. Kilichoyeyuka kinapita salama salimini. Wa pili ni ule wa utando, wenyewe huuita RO. Maji husukumwa kupitia utando mwembamba, kisha kupitia punje za resini zinazonasa mabaki. Hutoa maji matupu kabisa. Ila kwa kila ndoo moja safi, kama tatu zinamwagwa. Agneta akauliza zinamwagwa wapi, na kiangazi hiki. Kevin akasema si unamwagia mboga zako za sukuma wiki, mathe. Agneta akamwambia hakumbuki kumzaa.

Nilikuwa tayari kununua wa utando. Mkono ulikuwa mfukoni. Ndipo simu ikalia. Wekoye. Amesikia kwa Chepkorir kwamba natafuta mtambo. Kwa heshima zote, mkwe, ati nichukue wa utando wenye resini. Mwingine wowote ni kujidanganya.

Nikanunua wa mkaa.

Kevin alinitazama kwa huruma. Akasema maji yatang'aa, mzee, lakini matumbawe hayanywi kwa macho. Nikanunua na kile kipimo, ili nije kumwonyesha kwamba amekosea.

Jumatano, 12 Machi

Chujio limefungwa. Maji yanang'aa kama dirisha la benki. Nikachovya kipimo. Namba ile ile ya kisima.

Kipimo kibovu, nikasema. Nikakijaribu kwenye mchuzi wa Agneta. Namba ikapaa mpaka kikakataa kuhesabu. Basi ni kizima. Agneta akauliza natafuta nini ndani ya chakula chake. Nikasema chumvi. Akasema watu wengine hutumia ulimi.

Ningeweza kurudi kwa Kevin nibadilishe. Lakini kurudi kungekuwa kukubali kwamba Wekoye alisema kweli. Siko tayari. Moyo umechoka, shingo bado.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Wekoye kumsalimu. Lazima nieleze ukwe wetu, maana wajukuu watakaosoma haya huenda hawaujui. Mimi ni baba wa mke, yeye ni baba wa mume. Watu kama sisi hatukosoani mbele ya watoto. Hatuaibishani. Hatukataliani kitu kilicholetwa nyumbani. Akileta jiwe, unalipokea kwa mikono miwili na kumwuliza amelitoa wapi zuri hivyo. Kwa hiyo vita vyetu ni vya adabu tupu, na vimedumu tangu harusi.

Nikamwambia nimepata mtambo mzuri mno. Sikusema upi, kwa hiyo sikudanganya. Akafurahi. Akasema Jumamosi, kabla hata ya chai, atapenda kunywa bilauri moja ya maji hayo. Nikasema karibu sana, mkwe. Nikakata simu, nikaketi. Safari hii taratibu.

Kufikia saa kumi nilikuwa na mpango. Wale wanaouza maji ya kunywa ya kujaza kwenye mitungi wana mtambo wa utando dukani kwao. Nitanunua maji yao. Nitayaficha stoo. Jumamosi alfajiri yataingia tangini, na kiasi kwenye jagi la Wekoye. Kila mtu ataamini ni kazi ya chujio langu la mkaa.

Mpango mzuri. Nimeusoma upya na sikuona tundu.

Ijumaa, 14 Machi

Maji yameletwa na bodaboda, mitungi imefungwa kwa mipira. Nikapima. Karibu sana na sufuri. Nikacheka peke yangu.

Agneta akayamimina kwenye pipa jipya jeupe. Nikalifunika kwa kitambaa safi na kubandika karatasi: USIGUSE. Nikamweleza kwamba maji haya ni maalumu na ni siri. Akasema yeye si wa kueneza habari, lakini Chepkorir akimwuliza hatadanganya, kwa sababu ana mume na ana Mungu na wote wawili wanamjua. Kuhusu kutogusa, akasema nisijali, mzee, hilo ameelewa kabisa.

Kipande kimoja cha matumbawe kimeanza kuwa cheupe pembeni. Weupe huo ni kifo. Niliufundisha kila mwaka, muhula wa pili. Nimekaa mbele ya kioo mpaka chai ikapoa. Wakiliondoa tangi, nitabaki na ukuta na kalenda ya SACCO.

Jumamosi, 15 Machi

Dawa za moyo zilinilaza. Nimeamka jua limepanda. Nikaenda stoo. Pipa tupu.

Nikamwita Agneta. Alikuwa anang'aa kwa furaha. Ameamka asubuhi na mapema. Chai imepikwa kwa maji yale, wali umepikwa kwa maji yale, kuku ameoshwa na kuchemshwa kwa maji yale, na yaliyobaki yako kwenye birika la kunawisha wageni mikono. Nikamwuliza kama hakuona karatasi. Akasema aliiona, ndiyo maana. Katika nyumba gani, akauliza, kitu kimefunikwa kitambaa safi na kukatazwa watu wa nyumbani, halafu kisiwe cha wageni? Vikombe vya kabatini si ni hivyo? Shuka za stoo? Ati nilitaka wakwe wanywe chai ya kisima, nyeusi kama dawa ya ng'ombe?

Mama yangu mwenyewe angefanya vile vile.

Wakafika. Chepkorir, mumewe, na Wekoye amevaa koti zito, jogoo kwapani na boksi begani. Hakuketi kwanza. Akaniwekea boksi mikononi. Nikapokea kwa mikono miwili. Mtambo wa utando, wenye resini. Nikamwuliza ameutoa wapi mzuri hivyo.

Akasema najua unao mkubwa zaidi, mkwe, huu utakuwa mdogo wake. Kisha akaomba ile bilauri.

Nikakinga kwenye chujio la mkaa. Ningefanya nini? Akayainua maji kwenye mwanga, akayasifu kwa kung'aa. Halafu akatoa mfukoni mwa koti kipimo kama changu. Mtu wa idara ya maji hastaafu. Akakichovya. Akakitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Chepkorir akauliza kinasomaje. Wekoye akakipangusa polepole, akakirudisha mfukoni, akasema haya ni maji ya watu wa mlimani, yana nguvu. Akanywa yote, mpaka tone la mwisho, akiniangalia machoni. Sijawahi kushindwa kwa heshima kubwa hivyo.

Chepkorir hakuwa na adabu za wakwe, yeye ni mwanangu. Akaenda kwenye kioo, akauona ule weupe. Akamwuliza Agneta ni nani anabeba maji. Agneta akamtazama jogoo. Chepkorir akasema pole, baba, tangi linaondoka leo, gari lina nafasi. Mumewe akaanza kukunja mikono ya shati.

Nikashika ukingo wa kioo kama mtu anayeaga kwenye stendi.

Wekoye akakohoa. Akasema mama, mimi nimeleta kitu katika nyumba hii, na baba yako amekipokea. Sasa tangi likiondoka, zawadi yangu itachuja nini? Hewa? Tena mimi nipande gari moja na aibu hiyo mpaka Bungoma?

Chepkorir akamwashiria mumewe aache. Huyo ni baba mkwe wake. Nilimlea vizuri, kwa bahati nzuri.

Wekoye akavua koti na kufunga mtambo mwenyewe, akiagiza spana kama mtu anayeagiza soda. Bomba linajaza pipa, linajifunga lenyewe likijaa, na pampu ndogo inapeleka maji tangini. Hakuna ndoo. Mimi nilishika tochi. Nilipozubaa aliniambia nimulike kazi, mkwe, si dari.

Wakati wa kuondoka, watoto wakiwa mbali, akaniinamia dirishani mwa gari. Akasema katika kazi yake amekunywa misumari mingi, lakini ule wangu ulikuwa wa inchi sita.

Jumatano, 19 Machi

Kipimo kinasoma sufuri. Leo asubuhi matumbawe yalifunguka, yote isipokuwa kile kipande, na hata hicho weupe umesimama. Samaki wanapita katikati kama wapangaji waliomaliza kulipa. Agneta anamwagia sukuma maji yanayotupwa na amewaambia majirani kwamba mtambo ni wa sukuma.

Chepkorir amepiga kuuliza kama nimemshukuru baba mkwe wake. Nikasema nimemshukuru. Nitamshukuru. Hilo nalo limo katika maungamo, kwa hiyo limehesabiwa.

Mchungaji alipita. Nikamwambia karibu namaliza.

Kisha nikampigia Kevin. Nimeagiza tangi la pili, kubwa zaidi, la chumbani, niyaone matumbawe hata nikiwa kitandani. Chepkorir angekataa. Kwa hiyo nitamwambia ni zawadi nyingine kutoka kwa Wekoye. Zawadi ya baba mkwe hawezi kuirudisha. Na Wekoye hawezi kunikana mbele ya mkaza mwanawe. Nimeligeuza jambo hili pande zote na halina tundu.

Bomba halifiki chumbani. Si neno. Kulijaza ni kazi ya mara moja tu, nami nitabeba ndoo nusu nusu Agneta akiwa kanisani.

Kevin ameonya kwamba tangi jipya hukaa miezi mingi likizoea maji kabla ya kuwekwa matumbawe, na kwamba matumbawe yenyewe hukua polepole sana. Akauliza, kwa upole, kama mzee ameelewa ni muda gani huo.

Nikamwambia alete. Sina haraka.