Mwani Nyuma ya Nyumba

Jumatatu, 10 Machi

Barua ya halmashauri imefika. Marufuku kujenga kitu chochote kipya ndani ya mita sitini kutoka pale maji yanapofika yakijaa. Sababu: bahari inapanda. Mpima ardhi anakuja Jumatano. Sasa bahari ipande, mimi ndiye niadhibiwe?

Na chumba cha mke wangu je? Nilimwahidi siku ya harusi: chumba chenye dirisha la kutazama bahari. Miaka thelathini na moja hiyo. Nyumba nilijenga mwenyewe, ila ramani niliishika juu chini, madirisha yote yakatazama barabara. Hajawahi kunisema hata siku moja. Ndiyo maana inaniuma.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita kwa jirani yangu kinyozi, mjuaji wa kila kitu. Anasema mpima ardhi huanza kupima kwenye mstari wa mwani, yale majani ya baharini yanayobaki mchangani maji yakishakupwa. Yeye kibanda chake cha kunyolea anakihamishia kilimani. Akanishauri nami nihame. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye kazi yake kuzikata.

Mimi nimesikia neno moja tu. Mwani. Mwani si jabali, unahamishika.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Niandike polepole.

Alfajiri, maji yamekupwa, nimeshika reki. Nimeuvuta mwani wote hatua arobaini kuelekea majini, nikaupanga upya kwa kupindapinda, usionekane kazi ya mtu. Mgongo hoi. Nikaingia ndani kujinyoosha kidogo, maana mpima anakuja saa nne.

Kutoka, mwani hakuna. Hata jani.

Mke wangu yuko nyuma ya nyumba na ndoo, anatabasamu. Amenishukuru. Anasema hakujua kama nilimsikia aliposema bustani yake ya mboga inataka mbolea, na kumbe mume wake ameamka gizani kumkusanyia. Ameubeba wote, ndoo kumi na moja, akaumwaga kwenye matuta. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ningemwambia nini mimi? Nikasema karibu, mke wangu.

Mpima akaja, binti mpole mwenye buti. Akautafuta mwani ufukweni, akaukuta nyuma ya nyumba. Akaniambia kwa adabu kwamba kwa mwani huu, mzee, nyumba yako iko baharini.

Nikacheka. Mke wangu hakucheka. Alimshika binti mkono, akampeleka jikoni, akasogeza pipa la maji. Ukutani kuna alama nyeupe ya chumvi, kimo chake kinapita kifundo cha mguu. Sijawahi kuiona maishani mwangu. Binti akaiandika. Chumba kimekataliwa, na nyumba imeingia kwenye orodha ya zile za kuhamwa.

Sijasema na mke wangu tangu mchana. Nimenuna.

Jumamosi, 15 Machi

Leo bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu. Nimeamka alfajiri, kitanda upande wake kitupu. Nimemkuta jikoni kapiga magoti, anakausha sakafu kwa tambara. Maji yanapanda kwa mtaro wa nje na kupenya chini ya mlango.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema mwaka wa pili huu, kila bamvua, mimi nikiwa nakoroma. Kwa nini hakuniambia? Akasema nyumba niliijenga kwa mikono yangu na naipenda, aliogopa nikijua nitavunjika moyo.

Kumbe mimi nang'ang'ania hapa kwa ajili yake, na yeye anapiga deki kwa ajili yangu. Nikachukua tambara la pili, nikapiga magoti. Magoti yake yamevimba. Nililia, nikasingizia chumvi.

Tukakubaliana kuhama. Dada yake ana nyumba na kiwanja kilimani, ametukaribisha. Nimemwahidi mke wangu: ujanja basi. Sheria ni sheria.

Jumanne, 8 Aprili

Tumehamia kilimani. Nyumba ya shemeji ni kavu, magoti ya mke wangu yamepungua uvimbe. Namshukuru Mungu.

Kona ya kiwanja, kando ya barabara, bahari inaonekana yote. Kinyozi, ambaye ni jirani tena, ananionya hiyo ni hifadhi ya barabara, hairuhusiwi kujenga. Nimekiangalia kigingi cha mpaka. Hakikuzama sana. Nimeking'oa, nikakisogeza kidogo kuelekea barabarani, mapigo kumi na mawili tu ya nyundo.

Leo nimesimamisha nguzo nne, nikaacha nafasi ya dirisha pana. Mke wangu akaja kuuliza ni nini. Nikamwambia banda la kuku. Akalitazama dirisha, akaitazama bahari, akauliza tangu lini tunafuga kuku. Nikasema tunaanza.

Akaingia ndani. Nikajua nimekwisha. Akarudi amebeba viti viwili, akaviweka dirishani, akakalia kimoja. Akasema anawasubiri hao kuku, nami nisichelewe, jua linatua.