Ombi la Kuihamishia Vuli Mwezi wa Tano

Kwa Bwana Inamura Tokuhei,
Mwenyekiti wa Majirani, Mtaa wa Shimokawa.

Natumaini mgongo wako umepona. Ni mimi, Kuwabata Shige, bibi wa nyumba ya kona, ambaye ulikuwa ukiniibia mapeasi kabla hujajua kufuta kamasi. Leo nakuita Mwenyekiti, basi nawe nisikilize kama mwenyekiti. Shule sikukaa sana, lakini macho ninayo.

Nalalamikia vuli, haya majira ya majani kupukutika.

1. Kila mwezi wa kumi na moja unawaongoza majirani lango kwa lango kutazama miti ya momiji majani yake yakiwa yameiva wekundu. Momiji yangu ni ya dhahabu. Dhahabu yake huivaa majani yanapochipua, na mwezi huu wa tano inawaka mpaka kuku wanaikodolea macho. Vuli mnapokuja nyinyi, imeshapukutika, imebaki vijiti. Kosa la nani? Mti umewahi, nyinyi ndio mmechelewa.

2. Mwaka jana nilifagia, nikachoma viazi vitamu, nikachemsha chai. Mkaishia langoni. Wewe ukasema, "Bibi Shige, mti wako umeshalala, tusiuamshe." Watu wakacheka. Na jirani yangu Nomura Matsuyo, yule anayeringia momiji yake nyekundu, akadakia, "Haujalala, umekonda kama mwenyewe!" Mkaenda kunywa chai kwake mpaka jioni. Mimi nikabaki na viazi vyangu. Tangu mzee wangu Gonzaburo afariki, anayeingia kwangu ni fundi wa gesi tu, naye huingia kwa haraka. Mti ule aliupanda yeye, akauchagulia kivuli cha mchana maana jua kali huunguza majani yake. Alisema ukikua hatutakosa wageni. Sitaki marehemu aitwe mwongo.

3. Kwa hiyo vuli ihamie mwezi wa tano. Usicheke, nimeshafikiria. Muuza vitamutamu atengeneze vile vya njugu vya vuli sasa hivi. Watoto wa shule wavae masweta, wakitoka jasho wavumilie. Matsuyo, ambaye mti wake sasa ni kijani kama kabichi, naye aambiwe umelala, asikie utamu wake. Na ili mwaka usipinde, Mwaka Mpya tuule mwezi wa saba. Mochi, vikeki vyetu vya mchele, hata kwenye joto zinalika.

4. Mkikataa, ule ubao wa matangazo unaozunguka nyumba kwa nyumba ukifika kwangu nitaukalia. Tuone nani atajua siku ya kutoa taka.

Msalimie mkeo, mama yako, na majirani wote. Matsuyo pia, lakini kidogo.

Ni mimi niliyekasirika kwa adabu zote,
Kuwabata Shige

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga bahasha, Matsuyo akaingia akimfukuza paka wake. Kufika chini ya mti akasimama, mdomo wazi, paka kamsahau. "Mchoyo wewe!" akanipigia kelele. "Miaka yote unakula uzuri huu peke yako?" Nikamwambia akae, asinizibie mwanga. Amekaa mpaka mchana, amemaliza figili zangu za kuchachisha, amenikosoa chai, na kesho anarudi. Alitaka kuwaita nyote. Nimemwambia akithubutu simfungulii. Vuli iacheni hukohuko. Msije. Huku tumejaa.