Magazini Moja ya Akiba Haitoshi

Jumanne, 8 Julai

Siku imeharibika asubuhi na mapema. Tangazo limebandikwa kituo cha polisi: wote wenye leseni za bastola wapeleke silaha zao zikaguliwe Jumatatu. Hilo halinitishi. Bastola yangu safi. Ina magazini mbili, yaani vile vikasha vya risasi vinavyoingia kwenye mpini: moja ndani, moja ya akiba. Zote zimeandikishwa.

Kilichoniudhi ni Gibson, muuza matairi wa ng'ambo ya barabara. Kaja dukani eti kuazima jeki. Uongo! Kaja kutamba. Kaegemea kaunta yangu, kauliza nina magazini ngapi za akiba. Nikasema moja. Kacheka mpaka kashika mbavu. Akasema yeye anazo nne, na mtu mwenye moja ni afadhali atembee na rungu. Mbele ya wateja!

Moja! Mimi, Osea, muuza vipuri vya malori! Leo hii hii nimemgombeza dereva wa Kizambia aliyetaka mkanda mmoja tu wa feni. Nilimwambia achukue miwili, Kongo ni mbali. Akasema “awe”, yaani hapana kwa lugha yao, akaenda zake na mmoja. Kumbe Gibson ananiona mimi kama mimi ninavyomwona yule dereva. Inauma.

Humu naweza kusema ukweli. Mwaka jana majambazi waliingia dukani jioni tunafunga, wakanizaba kibao mbele ya Tabita, mke wangu. Sikufanya kitu. Niliinua mikono tu, nikatetemeka. Ndipo nikaomba leseni. Sasa nisipojua kwamba bastola iko kabatini, usingizi hauji. Wakininyang'anya leseni sijui nitaishi vipi.

Jumatano, 9 Julai

Nimepiga hesabu. Akiba ya kwanza inakaa kiunoni. Ya pili garini. Ya tatu ni ya kupokezana, maana spring za ndani zinachoka kubanwa, na magazini nazo zinahitaji likizo. Ya nne ya kulingana na Gibson. Ya tano ya kumpita Gibson. Basi ni tano. Hakuna mjadala.

Tabita ameleta mjadala. Amesema majambazi wakija watanikuta bado natafuta ufunguo wa kabati. Amesema pia kwamba ameomba sufuria kubwa tangu Pasaka, na hakuna aliyempigia hesabu. Nikamwuliza sufuria ina spring? Chakula cha jioni kimekuja kimepoa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kituoni kwa Afande Gwamaka, anayeshughulika na silaha, kuomba kibali cha kununua magazini nne zaidi. Nimevaa suti.

Amenisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Halafu akauliza nina risasi ngapi. Nikasema kumi na moja. Akauliza magazini moja inabeba ngapi. Nikasema kumi na tano. Akasema kwa hiyo hata hiyo ya kwanza haijawahi kujaa. Nikamweleza kwamba hoja si risasi, hoja ni utayari. Akaandika kitu kwenye karatasi na kukipigia mstari.

Amekataa. Amesema nije Jumatatu na vyote vilivyo kwenye leseni, na kikipungua hata kimoja, bastola inabaki kwake. Nikamwambia asiwe na hofu. Suti ilikuwa inanibana.

Ijumaa, 11 Julai

Gibson kapita tena. Eti amesikia majambazi wa siku hizi wanakwenda moja kwa moja kabatini. Wanachukua bastola, wanachukua magazini zote, wanakuaga kwa jina. Sikuonyesha kushtuka. Nimefunga duka mapema.

Wazo limenijia njiani, na ni zuri mno! Kama nina akiba moja tu, basi isikae na bastola. Leseni inataka kila kitu kiwe kabatini chini ya kufuli, najua, lakini leseni haimjui jambazi. Jikoni kuna ndoo mbili za maharage ya njano, mama katuletea kutoka kijijini Iyula. Moja ya nyumbani, moja ya sadaka ya mavuno Jumapili. Nimeifunga magazini kwenye mfuko wa nailoni, nikaisukuma mpaka chini kabisa ya ndoo ya nyumbani. Tupu, maana risasi zote ziko kwenye ile nyingine. Jambazi gani anachambua maharage?

Tabita sikumwambia. Akiba inayojulikana si akiba.

Jumapili, 13 Julai

Mungu wangu!

Ibada ya mavuno ilikwenda vizuri mpaka ulipofika mnada wa sadaka. Mzee Barnaba ndiye mnadi, sauti kama honi ya lori. Kauza kuku, kauza mkungu wa ndizi, kauza kahawa. Halafu kainua ndoo ya maharage. Nikaona kifuniko chake chenye ufa. Ndoo yetu ya nyumbani!

Nikamnong'oneza Tabita. Akasema alipoamka aliona maharage ya ndoo ile ndiyo mazuri zaidi, akabadilisha, maana Mungu hapewi ya pili. Akaniuliza mbona natoka jasho.

Ningesema nini? Kwamba chini ya mavuno ya Bwana kuna kifaa cha bastola? Nikanyoosha mkono. Nikapandisha bei. Gibson, aliyekaa upande wa kwaya, kuona ninataka maharage, naye akayataka. Hana shida na maharage! Mkewe anauza maharage! Tukapandishana mpaka watu wakasimama kwenye mabenchi. Nikashinda. Nikaenda mbele mbio, nikaibeba ndoo begani ili nitoke nayo.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwetu kanisani, ukishinda kitu mnadani ukakiinua juu, umekirudisha kiuzwe tena. Mtoto wa Sunday school anajua. Mimi najua! Nimezaliwa humo! Lakini akili ilikuwa kwenye magazini. Vigelegele vikapasuka. Mzee Barnaba akaninyang'anya ndoo kwa furaha na kutangaza kwamba ndugu Osea amemrudishia Bwana. Kwaya ikaingia na pambio.

Mnada ukaanza upya na mfukoni sina kitu. Gibson kachukua. Tena hakuondoka nayo. Kaipeleka taratibu mpaka miguuni pa Mama Mchungaji, akapiga magoti kumpa kama zawadi. Watu wakalia. Nami nikalia. Mtu mmoja akanipa kitambaa.

Mchana nikaenda nyumbani kwa Mchungaji na ndoo ya pili, ile ya sadaka halisi. Nikasema nimehofia yale maharage yana wadudu, tubadilishane. Mama Mchungaji akashukuru kwa upendo wangu. Akasema lakini ameshayamwaga kwenye mkeka na kuyachambua, hana haja ya kubadilisha, ila hii ya pili anaipokea pia. Nikauliza kama aliona kitu. Akasema Mchungaji ndiye anayejua, na Mchungaji ametoka kidogo. Nimerudi bila maharage kabisa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda Mchungaji hayupo. Nimerudi hayupo. Saa ya ukaguzi ikafika.

Nimejipanga foleni kituoni na bastola na magazini moja. Nyuma yangu Gibson, ananukia marashi. Nikamwomba Mungu Afande Gwamaka aishiwe na muda, au karatasi, au macho.

Akaniuliza ya akiba iko wapi. Nikasema iko nyumbani, kabatini, chini ya kufuli, nimeisahau kwa haraka za kuwahi. Akauliza nina uhakika. Nikasema nimeifungia kwa mkono wangu mwenyewe. Basi akavuta mtoto wa meza, akaitoa magazini yangu na kuiweka mbele yangu. Kwenye tundu lake la juu kulikuwa na harage la njano.

Mchungaji aliileta jana, mtu mwaminifu, moja kwa moja kutoka mezani kwake, hata chai hakumaliza. Alieleza ilikotoka ndoo. Afande alinikumbuka mara moja.

Akanichukulia bastola. Nikahisi uso unawaka kama siku ile ya kibao. Nilimsihi. Nilimweleza habari za majambazi, za usingizi, za Tabita kuniona nikitetemeka. Sauti ilikatika mbele ya foleni nzima. Akanipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, lakini akasema mtu anayehifadhi silaha kwenye mboga hawezi kuondoka nayo leo. Nijifunze utunzaji, halafu atanifikiria.

Zamu ya Gibson. Nilibaki mlangoni kusudi. Akatoa bastola, akatoa magazini moja. Afande akauliza nyingine. Gibson akasema kwa sauti ndogo kwamba hana nyingine, hajawahi kuwa nayo.

Hana hata moja ya akiba! Wiki nzima nilikuwa namshinda!

Jumatano, 16 Julai

Bastola bado iko polisi.

Tabita amelala usiku mbili mfululizo kama mtoto. Anasema ni kwa sababu siamki tena kila mara kwenda kutikisa kufuli la kabati. Anasema hata mimi nimekoroma. Uzushi! Mimi sikulala. Nilifumba macho nikifikiri.

Na nimefikiri vizuri. Kosa liko wapi? Si kwenye maharage. Maharage ni maficho mazuri, jambazi asingeyagusa, ila sikumtegemea Tabita kuwa mcha Mungu kiasi hicho. Si kwenye idadi ya magazini pia. Hata ningekuwa na kumi, leo zingekuwa zinanisaidia nini bila bastola? Hapo nikakaa wima kitandani. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Nilikuwa na bastola moja tu!

Nimekwenda kwa Afande Gwamaka kuomba leseni ya bastola ya pili, ya akiba, ili polisi wakichukua moja nisibaki mikono mitupu. Amenitazama. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa, amenitazama tena. Halafu ameuliza hiyo nayo ningeitakia magazini ngapi.

Hatimaye mtu wa serikali ameuliza swali la maana. Nimevuta kiti, nimekaa, nimeanza kumweleza.