Kuhusu Kidole cha Binamu na Kompyuta Isiyo na Kiwiliwili

Kwa Mheshimiwa Mjomba,
Mwenye Duka la Kuchapa, Kutoa Nakala na Kupiga Picha za Kitambulisho,
Nyumba ya pili kutoka kona.

Mjomba mpendwa, ambaye pia ni mkurugenzi wangu,

YAH: KOMPYUTA MPYA, NA OMBI LA KUKIFANYA KIDOLE CHA BINTI YAKO KUWA MALI YA OFISI

Shikamoo. Natumaini umeshakunywa chai, maana nakujua, ukiletewa jambo kabla ya chai jibu lako huwa ni moja tu. Mimi ni mzima wa mwili. Anayeumwa ni heshima yangu, na leo ni siku ya nne hajala.

Jumapili, uliposema mashine mpya inakuja nami nikaanza kupinga kwa mdomo, ulinikatiza. Ulisema maneno yangu yanapiga kelele kama mvua juu ya bati, na kwamba kuanzia siku ile mwenye lalamiko aliandike. Haya, nimeandika. Ulisema pia, mbele ya mkaza mjomba na mbele ya mama yangu ambaye ni dada yako wa tumbo moja, kwamba Ijumaa saa kumi alasiri mtihani atakaouleta mwalimu wa shule uwe umechapwa kwa mashine mpya na kukabidhiwa. Nikishindwa, kiti changu atakikalia binti yako, na mimi nitahamia kwenye kiwanda chako cha tofali.

Mjomba, iangalie mikono yangu utakaponiona. Hii si mikono ya tofali. Hii ni mikono iliyochapa barua za maombi ya kazi za nusu ya mtaa, na wengine wakaitwa hata kwenye usaili. Ni kweli shule niliachia kidato cha pili, kwa makubaliano ya amani kati yangu na mtihani, lakini kwenye kompyuta hakuna mtu hapa mtaani wa kunifunga kamba za viatu. Ndiyo maana wananiita Daktari. Kwa hiyo ukiona Daktari analalamika, ujue tatizo liko kwa mgonjwa. Nalieleza kwa namba, kama wanavyofanya maofisini.

1. Imekuja bila kiwiliwili.

Jumatatu fundi wako alifika na katoni moja. Akatoa kioo chembamba kama sinia, akakisimamisha mezani, akachomeka waya mmoja, akasema tayari. Nikamwuliza kompyuta yenyewe iko wapi. Akasema ndiyo hiyo. Mjomba, mimi sijazaliwa jana. Miaka minne nimekaa na kompyuta, na najua ilivyo: juu kuna kioo, chini kuna lile sanduku linalonguruma, na sanduku ndilo kompyuta. Kioo ni uso tu. Sasa mtu mzima na akili zake anauziwaje uso?

Nilimwacha aondoke kwa adabu. Nikatafuta chini ya meza, ndani ya katoni, mpaka nyuma ya lile pazia la picha. Hakuna kitu. Ndipo nikamfuata kwenye karakana yake, nikamtaka, kwa sauti ya heshima iliyofika ng'ambo ya barabara, arudishe haraka kiwiliwili cha mjomba wangu. Kama jioni ile mlishangaa kwa nini wanawake wawili walifika nyumbani na nyuso za msiba na kumkuta marehemu anatafuna karanga, sababu ni hiyo, na naomba radhi kwao na kwako.

Fundi alinieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba kila kitu kimo nyuma ya kioo. Sisemi nilimwamini. Nasema nilirudi dukani.

2. Imemchagua mtu asiyehusika.

Hapa ndipo penye uchungu. Wakati mimi niko nje natetea mali yako, binti yako alikuwa amepita dukani kuniletea chai. Mashine ikaandika kwenye kioo kwamba inaomba kidole kwenye kitufe cha pembeni ya kibodi. Mtu mwenye busara angesema ngoja mwenyewe arudi. Binamu yangu akaweka kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akaendelea kumimina chai.

Tangu saa ile mashine haimjui mtu mwingine duniani. Nikiweka kidole changu inatikisika kama bibi anayekataa dawa. Nimejaribu vyote kumi. Jumanne mchana nilifunga mlango nikajaribu na dole gumba la mguu, na naomba hilo lisifike kwa mama.

Kwa hiyo kila asubuhi mimi, niliyembeba mgongoni yule mtoto akiwa hajui kufuta pua, nasimama mbele yake kuomba kidole. Naye anakiinua juu hewani, anakitazama, ananiuliza, Kaka, umefagia? Nimefagia. Maji ya kunawa umejaza? Nimejaza. Jana akaniambia niseme, Naomba kidole, binamu yangu mwenye akili kuliko wote. Nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini fundi viatu wa jirani ana masikio makubwa kuliko duka lake, na sasa kila anayepita anaelezwa.

Baya zaidi, mashine ikikaa kidogo bila kuguswa inajifunga tena. Binamu akishaenda zake, kazi yangu ni kuipapasa ili isilale. Jana nimekula chakula cha mchana kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye kipanya, ambacho chenyewe hakina vitufe na kinateleza kama sabuni iliyobaki kidogo. Haja ndogo naishika mpaka mteja apatikane wa kunishikia kipanya.

3. Inaamka haraka mno.

Ile ya zamani ukiiwasha ilikuwa inachukua dakika ishirini. Watu wanasema huo ni ubovu. Mjomba, ule ulikuwa utaratibu. Katika dakika zile nafagia, nasalimia, mteja anakaa kwenye benchi, ananieleza barua ni ya nini na nani kamkosea. Mashine inapokuwa tayari, barua nzima ninayo kichwani. Hii mpya inaamka kabla makalio yangu hayajafika kwenye kiti. Mteja anasimama nyuma ya shingo yangu anasema haya. Haya nini? Hatujasalimiana hata.

4. Haitibiki.

Unakumbuka ile ya zamani ilivyokuwa ikigoma. Makofi mawili ubavu wa kushoto, unasubiri, kisha ngumi moja juu, ya upole. Herufi M nilikuwa naiegemeza kwa njiti ya kiberiti. Hakuna mwingine aliyejua mpangilio ule. Ulipojaribu wewe mwenyewe ilizima siku mbili, na hilo silisemi kwa kukusimanga.

Jumanne mpya iliganda. Nikaipa tiba ya kawaida. Kofi la kwanza tu ikainama, ikaangalia dari, kama mtu aliyezabwa kibao msibani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi. Alikunja karatasi zake, akaziweka kwapani, akasema, Kijana, nimekuja kuchapisha mtihani, sikuja kuona mashine ikichapwa. Nilimbembeleza mpaka akaziacha. Baadaye ikaonekana haikuwa imeganda, ilikuwa inanisubiri nibonyeze ndiyo.

Fundi viatu naye hakukosa neno. Alinyoosha shingo dirishani akaniuliza, Daktari, mgonjwa mpya haumwi? Sasa wewe hapo si umebaki na koti tu? Mjomba, nilifunga dirisha. Mimi. Wakati wa kazi.

5. Inameza mitihani.

Alama ya kufunga, ambayo tangu mimi nianze kazi iko juu kulia, hawa wameihamishia kushoto. Tena si alama, ni vidoa vitatu vidogo kama dengu, chekundu, cha njano na cha kijani. Nilibonyeza cha kijani kwa kuwa kijani ni amani. Mtihani ukajaa kioo kizima. Nikabonyeza cha njano. Mtihani ukanywea, ukavutwa chini kama maji kwenye tundu la beseni, ukapotea.

Nikauchapa upya. Nilipomaliza, kidole kikateleza, ukanywea tena. Nimeuchapa mtihani ule mara nne, Mjomba, maswali arobaini. Sasa naweza kuyajibu yote isipokuwa la kumi na moja, na laiti wangenipa kazi hii nikiwa kidato cha pili, leo ungekuwa unaniandikia wewe.

Hadi naandika haya, Alhamisi saa tisa, sina mtihani hata mmoja wa kumpa mwalimu. Nina kesho tu.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, kompyuta ya zamani irudishwe kazini kwa heshima. Najua sanduku lake liko nyuma ya jiko, na kuku wa mkaza mjomba ameshatagia ndani. Sina ugomvi na kuku. Apewe katoni ya hii mpya, ina sponji na haijawahi kupigwa.

Pili, kama hilo haliwezekani, basi kidole cha shahada cha mkono wa kulia cha binti yako kiwe mali ya ofisi. Kiripoti saa mbili asubuhi, kiondoke saa kumi na moja. Kisikate vitunguu. Kisishike sufuria la moto. Kisitumike kunyooshea watu, hasa mimi. Akipata mchumba, mchumba aandike mbele ya mashahidi kwamba anaoa vidole tisa, na cha kumi kitafuata mashine itakapochakaa.

Tatu, nimefikiri sana nikaona kidole hakiwezi kuripoti peke yake. Kwa hiyo mwenye kidole naye itabidi aajiriwe. Napendekeza cheo cha Mtunza Kidole, chini ya uongozi wangu. Atakalia kigoda. Kiti kina mwenyewe. Na kwa kuwa atakuwa amekaa tu, anaweza kunisomea maandishi ya mwalimu, ambayo ni kama kuku kapita kwenye majivu. Na kwa kuwa yeye ndiye anayejua vidoa vile vinafanya nini, anaweza pia kuvibonyeza. Mimi nitakuwa nasimamia.

Nikiisoma tena aya hiyo naona kama kuna mahali nimejipeleka mwenyewe kwenye tofali, lakini sioni ni wapi, kwa hiyo naiacha.

Nafunga hapa kwa kuwa mkono wa kushoto umechoka kupapasa kipanya. Msalimie mkaza mjomba, mwambie chai ya Jumatatu ilikuwa nzuri, kosa lilikuwa la mletaji. Msalimie mama, mwambie nakula. Wasalimie wale wanawake wawili, waambie u mzima. Msalimie kuku. Fundi viatu usimsalimie.

Ni mimi mpwa wako, mwajiriwa wako wa kwanza na hadi sasa wa pekee,
Daktari

N.B. Ijumaa, saa nne asubuhi. Mjomba, yaliyo hapo juu yaruke.

Asubuhi hii nilipokwenda kuomba kidole nilikuwa nimechoka hata kubishana. Nilimwambia binamu moja kwa moja, Leo saa kumi kiti ni chako, naomba unifungulie mara ya mwisho nimwandikie mwalimu barua ya kumwomba radhi. Hakuniuliza kama nimefagia. Alikaa, akabonyeza mahali, akanishika mkono, akaniwekea kidole changu kwenye kile kitufe mara tano, sita. Mashine ikanikubali. Kumbe inapokea vidole vya watu wengi, na alijua tangu Jumatatu. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, Kaka, wewe si Daktari? Ungeniuliza ningekwambia.

Kisha akagusa chini ya kioo, mitihani yote minne ikainuka, imejipanga kama wanafunzi mstarini. Haikuwa imemezwa, ilikuwa imekaa tu pale inanisubiri. Tuliisoma pamoja, tukachagua wa tatu, ndio wenye makosa machache. Swali la kumi na moja lilikuwa halina jibu sahihi, mwalimu mwenyewe alikosea, na binamu ndiye aliyegundua. Saa tatu na nusu mwalimu alikuja kuchukua, akatushukuru wote wawili. Alimwita yeye Daktari. Sikumsahihisha.

Kwa hiyo kuku abaki alipo. Kidole ni chake, akitaka kukatia vitunguu akatie. Kiti tumekubaliana zamu: asubuhi yake, mchana wangu, na anayepanga zamu ni mimi, kwa ruhusa yake. Kilichobaki ni wewe kumlipa mshahara, jambo ambalo sikumbuki kama nililitaja.

Utauliza kwa nini basi sikuichana barua hii. Mjomba, nimeichapa yote kwa mashine hii hii, umeme umekatika mara mbili, na haikupotea hata nukta. Na kila herufi M unayoiona humu imesimama yenyewe, bila kiberiti.