Geji Tatu za Mjomba wa Bibi Harusi

Jumapili, 31 Agosti. Issuna.

Ushindi! Kamati ya harusi imekaa baada ya ibada, na mpwa wangu Janeth amesimama mwenyewe mbele ya wajumbe akasema Jumamosi atapelekwa kanisani Ikungi na gari la mjomba wake. Yaani mimi. Melkizedeki. Corolla nyeupe. Machozi yamenilengalenga, nikasingizia vumbi.

Zefania hakufurahi. Yeye ni baba mdogo wa Janeth, ana pikapu ya kubebea alizeti na mdomo mpana kuliko bodi ya hiyo pikapu. Akawakumbusha wajumbe kwamba Pasaka nilipata pancha nikiwa nimempakia mchungaji. Ni kweli. Lakini kulikuwa na haja gani ya kutaja kwamba mchungaji ndiye aliyepiga jeki?

Dada yangu Magdalena, mama wa bibi harusi, akaniambia kwa upole: kaka, angalia upepo wa matairi, usituaibishe. Nimeapa mbele ya kamati nzima. Zefania akacheka. Yeye hupima upepo kwa kulipiga tairi teke. Teke! Karne hii!

Jumatatu, 1 Septemba.

Singida mjini, dukani kwa Kauthar, muuza vipuri. Nimepata geji ya upepo, ndogo kama kalamu. Sikutoa hela. Nimetoa jogoo mwekundu, yule aliyekatika kidole. Mke wangu Winfrida alikuwa anatunza majogoo watatu kwa ajili ya zawadi ya harusi, lakini mjomba atatoa zawadi gani kubwa kuliko usalama?

Nimepima tairi la mbele kushoto. Ishirini na sita. Safi sana! Halafu nikajiuliza: ishirini na sita ni nyingi au chache? Nimezunguka gari zima kutafuta jibu. Ubavuni mwa mlango wa dereva kuna karatasi ya Kijapani imebandikwa, ina picha ya tairi na namba 220. Mia mbili na ishirini! Huo ni umeme, si upepo. Kitu cha hatari namna hiyo hakifai kukaa kwenye gari la bibi harusi. Nimekibandua, nikakichoma moto.

Winfrida ameuliza jogoo mwekundu yuko wapi. Nimesema kicheche.

Jumatano, 3 Septemba.

Hosea, fundi wa pancha hapa kijijini, amenijazia hadi thelathini kwa geji yake. Kalamu yangu ikasema ishirini na sita palepale. Mmoja wao ni mwongo. Hosea ameapa kwa jina la mama yake. Kalamu haikuapa, nayo nikaanza kuitilia shaka.

Nikarudi kwa Kauthar na jogoo mweupe. Nimepewa geji ya duara, yenye mshale. Kauthar akanishauri nipime asubuhi gari likiwa halijatembea, maana tairi likipata joto namba hupanda. Tena akasema nisihangaike kubahatisha, kipimo sahihi cha gari langu kimeandikwa kwenye karatasi ya pale mlangoni, na mshale wangu una mstari wa ndani wenye namba hizohizo. Nikamuuliza, karatasi gani? Akasema ile yenye picha ya tairi.

Nikabadili mazungumzo. Nikaanza kuisifia sauti ya jogoo.

Nyumbani mshale umesema thelathini na tatu. Sasa waongo ni watatu. Winfrida kagundua jogoo mweupe hayupo. Amesema huyu kicheche hana adabu, akaenda kuazima mbwa. Kwa nani? Kwa Zefania!

Alhamisi, 4 Septemba.

Asubuhi nimekwenda bandani kumchukua jogoo wa tatu. Mbwa wa Zefania amefuata mafunzo ya bwana wake. Suruali imekwisha. Winfrida alipotoka nilimweleza kwamba kicheche nimemwona kwa macho yangu, nikapambana naye, akanishinda nguvu akaondoka na jogoo. Jogoo wakati huo nilikuwa nimeshamfungia kwenye buti la gari. Akawika. Nikakohoa sana.

Kauthar hakucheka, lakini alihangaika kutocheka. Nimerudi na geji ya betri, inawaka taa. Imesema thelathini na sita! Kalamu ishirini na sita, mshale thelathini na tatu, betri thelathini na sita. Nimeketi kibarazani nikatafakari nani mkweli. Nimeamua kuwa mkweli ni wa katikati. Ila mtu makini huhakikisha, kwa hiyo nimepima tena. Na tena. Psss, psss. Nimeupenda huo mlio, unasikika kama kazi inafanyika.

Ijumaa, 5 Septemba.

Nimempima Zefania hadharani. Pikapu yake, si yeye. Tairi moja lina kumi na tisa kwa geji zote kwa wastani wangu. Nikatangaza. Wazee wakaguna. Zefania akalipiga teke, akasema liko sawa, akaendelea kula muwa.

Langu linanishangaza. Kila nikipima namba inashuka, kwenye geji zote. Geji zimechoka. Nimeziweka kabatini zipumzike.

Hosea ameongeza upepo kwa mara ya nne wiki hii. Kanisihi niache kupima, maana kila nikichomeka geji upepo kidogo unatoka. Wivu wa kibiashara huo, siku hizi nina geji nyingi kuliko yeye. Nimemwachia tairi la spea alikague, nitalichukua kesho.

Jumamosi, 6 Septemba.

Nitaandika, ingawa ni aibu.

Asubuhi nzuri. Corolla inang'aa, riboni mbele, mimi ndani ya suti. Matairi yamesimama vizuri. Janeth akatoka akiwa amevaa shela, akanipungia mkono kama alivyokuwa akifanya utotoni akiona nimekuja na miwa. Hapo ndipo nilipotakiwa kuwasha gari. Badala yake nikamwona Zefania ananitazama.

Nikatoa geji zangu tatu. Nikawaomba wazee washuhudie. Mzee wa kanisa akapima, psss. Akataka kupima na mwenyekiti wa kijiji, psss. Mama wawili wa kwaya wakasema na wao wana haki. Tairi likaanza kulegea. Nikaishika kalamu nikaikandamiza kwa nguvu zote nipate jibu la mwisho, na kile kisindano cha vali kikazama kisirudi. Psssssss! Watu wakapisha. Corolla ikainama upande mmoja.

Spea! Iko kwa Hosea. Hosea yuko wapi? Ni mwanakwaya, ametangulia Ikungi, ufunguo wa kibanda mfukoni.

Zefania alipangusa kiti cha pikapu kwa kofia yake, akampandisha Janeth, akalipiga teke lile tairi la kumi na tisa, wakaondoka. Dada yangu hakunitazama. Nimefika na gari la vyombo, nimepakata sufuria la pilau, bwana na bibi harusi wakiwa tayari wanapigwa picha nje ya kanisa.

Na bado! Wakati wa zawadi Zefania akatoa jogoo aliyemnunua mjini. Mwekundu. Kidole kimoja hana. Winfrida akainuka kitini akauliza kwa sauti ya kusikika hadi nyuma: "Kicheche gani huyu anayefanya biashara Singida mjini?"

Jumapili, 7 Septemba.

Sijakwenda ibadani. Winfrida ananisemesha kupitia mbwa.

Mchana amekuja Janeth na mumewe, Shukuru. Shikamoo mjomba. Nikaitika nikiwa nimeinama. Janeth akasema pikapu ya baba mdogo ilimjaza mapumba ya alizeti hadi kwenye shela, na kwamba moyo wake njia nzima ulikuwa kwenye Corolla. Alhamisi wanakwenda Sepuka kwa wazazi wa Shukuru, na hataki gari lingine. Ameshamwambia mama yake. Nikatoka nje kidogo. Safari hii sikusingizia vumbi.

Amemrudishia Winfrida jogoo mwekundu. Mtoto ana moyo yule!

Hosea ameshaweka vali mpya na upepo. Amenisihi nisiliguse tairi hadi Alhamisi. Winfrida amenisihi. Janeth naye amenishika mkono akanisihi. Nimewaahidi wote.

Lakini nitajuaje kama upepo uko sawa? Sasa naliona kosa langu waziwazi. Geji tatu ni chache, kila moja ina la kwake. Ya nne ingeamua. Winfrida kesho anakwenda shamba tangu asubuhi. Mbwa amesharudishwa kwa Zefania. Na jogoo mwekundu ameshazoea ile safari.

Nimepima mara moja tu kabla ya kuandika haya. Imeshuka kidogo.