Sabufa Kwenye Kiti cha Mama Mkwe

Jumanne, 11 Juni
Video ya harusi ya Charlène imefika kutoka Goma, imo ndani ya flash. Charlène ni kitindamimba wa mama mkwe wangu, Maman Adolphine. Jumapili ukoo mzima utakaa kuitazama. Wapi, Maman bado hajasema. Hapa mtaani Kasha ukoo una salon, yaani sebule, mbili tu zenye televisheni ya maana: yangu, na ya Ezéchiel, aliyemwoa mdogo mwingine wa mke wangu. Nyumba yake iko chini ya yangu kwenye mteremko. Krismasi walikwenda kwake. Pasaka, kwake tena. Safari hii hapana. Nimenunua sabufa, bafle ya besi yenye ukubwa wa mbuzi aliyelala. Ezéchiel hana. Mke wangu Pascaline ameuliza kama katika hiyo harusi kulipigwa mabomu.

Jumatano, 12 Juni
Sabufa haiwekwi ovyo. Kando ya dirisha: besi haisikiki. Nyuma ya mlango: inasikika kupita kiasi, kama lori la mchanga likipanda. Mtaalamu mmoja kwenye simu ametoa siri. Unaiweka sabufa pale atakapokaa mgeni wa heshima, unapiga muziki, kisha unatambaa sakafuni ukitega sikio. Pale besi inaponoga, hapo ndipo pa kuihamishia. Mgeni wa heshima ni Maman. Kesho natambaa.

Alhamisi, 13 Juni
Kiti cha Maman hapa salon kwangu hakikaliwi na mtu mwingine. Padri mwenyewe alipotutembelea alielekezwa kwenye benchi. Nikaipandisha sabufa juu yake, juu ya kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Nikapiga muziki. Nikatambaa. Chini ya meza, besi tamu sana! Nilikuwa pale, kichwa ukutani na makalio mlangoni, muziki ulipokatika. Pascaline alikuwa amechomoa waya. Pembeni yake, Maman.

Alikitazama kiti. Akaniangalia mimi, baba wa mjukuu wake Elodie, bado nimepiga magoti. "Papa Elodie, huyu mugeni wako alifika lini?"

Nikasema napima kama kiti kitabeba uzito. Akauliza, kwa upole, uzito wa nani. Nikaishusha sabufa haraka, nikafuta kiti kwa shati langu. Akakaa kwenye benchi. Chai hakuimaliza.

Ijumaa, 14 Juni
Habari zimeshuka mteremko. Ezéchiel, anayeniita beau, yaani shemeji kwa Kifaransa, amenisimamisha barabarani, mbele ya watu, akinishika bega. "Beau, naskia uliokoka. Uko unapigia bafle magoti."

Kisha akaniambia kwamba kesho jioni Maman atapita kwake kujaribu picha. Akiridhika, neno limekwisha. Nimefikiri jioni nzima, yaani mpaka chakula kilipoletwa. Sakafu yangu ni ya mbao, juu ya nguzo. Nguzo zimezama ardhini, hatua chache juu ya ukuta wa Ezéchiel. Nikiilaza sabufa kifudifudi, mdomo kwenye mbao, besi itashuka na nguzo mpaka salon yake. Maman atasikia mngurumo, atasema bafle za Ezéchiel zimeharibika, atapanda kwangu. Safi.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeilaza. Nikafungua sauti mpaka mwisho. Sahani za Pascaline zilitembea kabatini, mbili zikavunjika. Kioo cha dirisha kikapasuka. Kutoka chini nikasikia kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango.

"Tetemeko! Batoto inje!"

Hapa kwetu ardhi ikitikisika hakuna anayeuliza mara mbili. Mteremko mzima ulimwagika nje. Mmoja ana povu la sabuni kichwani. Mwingine amekumbatia sufuria ya bugali. Maman Adolphine alitoka kwa Ezéchiel na kiatu kimoja, rozari mkononi, tayari yuko katikati ya Salamu Maria. Nikazima. Tetemeko likaisha papo hapo. Nami nikatoka mbio, nionekane nimekimbia. Pascaline alibaki mlangoni akichambua maharage. Majirani wamesema Pascaline ana imani.

Watu wakaanza kulinganisha hasara. Kwa Ezéchiel, kikombe kimoja. Kwangu, kioo na sahani. Maman akapanda, akaweka kiganja kwenye ukuta wangu kama anayempima mgonjwa homa. "Papa Elodie, nyumba yako njo ilitingika kupita zote. Batoto habawezi kukaa humu."

Ezéchiel, kwa uso wa msiba, akatoa salon yake.

Ningeweza kusema ukweli. Lakini nani anataka kuwa mtu aliyemtoa mama mkwe nje na kiatu kimoja? Nikatikisa kichwa, nikasema kweli, ardhi ya huku juu ni mbaya. Pascaline akarudi kwenye maharage.

Jumapili, 16 Juni
Asubuhi wamekuja kuchukua kiti cha Maman. Kimetoka mlangoni kwangu na kitambaa chake. Ezéchiel amesema kitabaki kwake, kwa usalama.

Nilikaa benchi la nyuma, kando ya ndoo. Video ikaanza. Haina sauti. Mpiga picha alisahau maikrofoni, harusi nzima ni bubu. Maman alieleza kila kitu mwenyewe kutoka kitini, nani analia na nani amekula mara mbili, na hakuna aliyekosa neno hata moja. Watu walicheka mpaka machozi. Walisema haijawahi kuwako sinema nzuri kama hiyo.

Nimerudi nyumbani, nimeketi mahali palipokuwa na kiti, nimeyapima yote kwa utulivu. Kosa nimeliona. Sabufa ilielekea chini, na chini kuna ardhi, na ardhi inaogopesha watu. Kesho naielekeza juu. Juu hakuna kitu, ni mabati tu.