Saa Sita za Kompyuta

Jumatatu, 2 Juni 2025
Iyunga. Moyo umevunjika. Kasian wa Iringa, niliyesoma naye chuo, ameingizwa mtandaoni miongoni mwa watengenezaji wa maktaba ya C, lugha ya kuandikia programu, ya mfumo wa kompyuta tunaoutumia. Maktaba ya C! Ghala ambalo kila programu huendea kuazima kazi ndogondogo: kusoma, kuandika, kuuliza saa. Na amerekebisha nini? Koma. Koma moja kwenye maelezo! Anavyojipiga picha na kompyuta, utadhani kaoa. Lazima nimpiku.

Jumanne, 3 Juni
Nimepata kosa! Nimeamka saa moja asubuhi, kompyuta inaonyesha 7:00. Saba! Saa saba watu wanakula cha mchana. Miaka yote hii hakuna aliyeliona. Nimefungua maktaba, nikapunguza saa sita, nikaijenga upya, nikawatumia wasimamizi wake ughaibuni. Nimeiweka pia kwenye kompyuta ya kazini, ile inayoendesha mashine ya kutotolesha vifaranga ya Bwana Jayantilal, tajiri wangu, kule mtaa wa Soweto. Lazima ijaribiwe mahali.

Humo mna mayai ya Mama Esnath, mamkwe wangu mtarajiwa. Ameshuka nayo kutoka mlimani. Amesema vifaranga vikitoka salama, nilete mshenga. Yudith wangu, mwambie mama yako aiombee maktaba.

Alhamisi, 5 Juni
Wasimamizi wamejibu. Wameuliza kwa upole kama kwetu jua huchomoza wakati mwingine. Nimewajibu jua ni lilelile, ila sisi ndio tunaohesabu vizuri. Kasian naye kajitia katikati, mbele ya dunia nzima, eti saa ya Kiswahili ni ya mdomoni, mashine ina yake. Mtu wa koma!

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwisha. Kumbe kompyuta iliagizwa iongeze joto 18:00, jua likizama, na ipunguze 06:00, jua likitoka. Kwa marekebisho yangu, 18:00 inaifikia usiku wa manane, na 06:00 saa sita mchana! Jioni mayai yaliganda kwa baridi ya Juni. Asubuhi nzima yakapikwa. Bwana Jayantilal amepasua moja mbele yangu. Limeiva nusu. Akasema taratibu nimwachie funguo. Afadhali angenitukana.

Mama Esnath ameuliza kama mshenga wangu anapenda mayai ya kuchemsha. Nimelia njia nzima hadi Iyunga.

Na aliyeitwa kurudisha maktaba ya zamani ni nani? Kasian. Tena kwa nauli ya Bwana Jayantilal!

Jumapili, 8 Juni
Kasian amemaliza. Mama Esnath amempa jogoo. Yudith ndiye aliyemkaanga! Sitaki kuona mtu.

Kanisani nimetafakari badala ya kuimba. Maktaba yangu haikuwa na tatizo. Tatizo ni mayai, hayavumilii majaribio.

Namshukuru Mungu, mlango mwingine umefunguka. Nisha mwenye duka la mikate, ambaye hajasikia habari, ameniomba nimwangalizie kompyuta inayowasha tanuri lake. Nimeichungulia. Maskini, dada wa watu! Saa yake imekosewa kwa saa sita kamili.